Injini ya boti imekufa: utume pesa za kuikarabati au za kununua mpya?

Hapa Embulbul hatuna ziwa wala bahari. Ukitazama upande wa Ngong utaona vilima na zile tabo za upepo zikizunguka, na maji tunayoyajua zaidi ni ya mtungi, ya kisima cha jirani na ya lori linalopita likipiga honi. Hata hivyo, si ajabu katika ploti moja ya mtaa huu kumkuta mtu mwenye boti. Boti yenyewe haiko hapa. Iko Mbita, au Usenge, au Port Victoria, na nyingine ziko mbali zaidi, Vanga na Lamu. Mwenyewe hupanda matatu ya nambari 111 kila alfajiri kwenda kazini mjini, na ndugu yake ndiye anayeshinda majini.

Mtindo huu wa jamaa wa mjini kununua injini na jamaa wa nyumbani kuvua si mgeni kwetu. Ni akiba ya aina yake. Kuna wanaoweka pesa katika chama cha ushirika, kuna wanaonunua ng'ombe, na kuna wanaonunua injini ya nguvu za farasi 15 au 40, ile inayoning'inizwa nyuma ya boti, wakitarajia kwamba mbuta na omena watawalipia karo. Nao hulipa, almuradi injini iko hai.

Siku inapokufa, simu hupigwa. "Dada, injini imekufa. Hii si ya kutengeneza tena, tunataka mpya." Anayepigiwa simu hajawahi kuishika pistoni mkononi, yuko zaidi ya kilomita 350 kutoka ilipo injini, na pesa alizo nazo tayari zina kazi nyingine. Upande wa pili wa simu kuna watu watatu au wanne ambao hawatakula jasho lao mpaka boti irudi majini. Je, atume pesa za kuifungua injini na kuifanyia ukarabati mkubwa, au anunue mpya? Hilo ndilo swali letu wiki hii. Nitalijibu nikiwa upande wa mtuma pesa, kwa sababu fundi ana maoni yake na mwenye duka ana yake, lakini mtuma pesa aghalabu huwa peke yake.

Kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, uliza hivi: imekufa au imegoma? Wengi huyaita yote mawili kufa, na hapo ndipo pesa za bure huzama. Injini iliyogoma ni ile ambayo chuma chake ni kizima lakini imekosa kitu. Petroli ina maji. Kabureta imeziba kwa uchafu wa mtungi. Plagi imelowa, koili haitoi cheche, au mpira wa kupitishia petroli umepasuka ukawa unavuta hewa. Kasoro hizi hutengenezwa kwa siku moja au mbili, na gharama yake haikaribii hata kidogo bei ya injini mpya. Iliyokufa ni ile ambayo chuma chenyewe kimeumia.

Kuna jaribio ambalo ndugu yako anaweza kulifanya ufuoni bila fundi, nawe ukalisikiliza kwenye simu. Atie gia fri, atoe plagi zote, kisha avute kamba ya kuwashia polepole. Ikiwa kamba haisogei hata kidogo, basi injini imeshika, yaani pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda au beringi zimesagika. Ikiwa inazunguka gia ikiwa fri, lakini hukwama gia inapoingia, kosa liko chini kwenye giaboksi, karibu na propela, wala si kwenye pistoni. Ikizunguka vizuri, arudishe plagi avute tena. Safari hii mkono unapaswa kuhisi ubishi, kwa kuwa hewa inabanwa ndani. Kamba ikija laini kana kwamba hakuna kitu, pumzi ya injini imekwisha: ringi zimelika, au gasketi ya kichwa imeungua, au pistoni imetoboka.

Baada ya hapo fundi aje na kipimo cha kompresheni, kidude chenye uso kama wa saa kinachofungwa mahali pa plagi. Fundi wa injini za boti asiyekuwa na kipimo hiki ni sawa na daktari asiyekuwa na kipimajoto. Mimi singempa kazi. Injini nyingi za nguvu za farasi 15 hadi 40 zilizoko ziwani zina silinda mbili, na silinda hizo zinatakiwa kusomeka karibu sawa. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna jambo. Mwambie ndugu yako apige picha ya kipimo kwa kila silinda akutumie kwa WhatsApp. Huhitaji kuwa fundi ili ulinganishe namba mbili.

Na ikiwa injini ilianguka majini, saa ndizo zinazohesabiwa. Injini iliyozama kisha ikaachwa juu ya mchanga ikauke huanza kuota kutu kwenye beringi. Inatakiwa imwagwe maji, itiwe oili na kuwashwa siku hiyo hiyo. Ikiwa fundi hapatikani, ni afadhali iachwe ndani ya pipa la maji baridi mpaka atakapofika, kwa kuwa kinachoila ni hewa ikikutana na unyevu. Wengi hufanya kinyume, wakaianika juani kama nguo.

Sasa tufike kwenye swali ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko yote, nalo huulizwa mara chache mno: ni nini kilichoiua?

Jirani yangu mmoja hapa Embulbul, mwalimu wa shule ya msingi, alitumiwa habari kama hizo kutoka upande wa Mbita. Injini ya farasi 40 ilikuwa imeshika. Alikopa, akatuma, ikafunguliwa, ikatiwa pistoni mpya na ringi mpya, ikarudi ziwani. Haikumaliza miezi miwili ikashika tena, silinda ile ile. Ndugu yake akasema bila kusita kwamba injini ilikuwa imezeeka na dawa ilikuwa ni kununua mpya. Mwalimu, ambaye kazi yake ni kuwauliza watoto maswali, akamuuliza swali moja: kabla haijashika, maji yalikuwa yakitoka nyuma? Kimya. Kisha jibu likaja kwamba yalikuwa yakitoka kidogo kidogo tangu ile mara ya kwanza.

Acha nieleze. Injini ya boti ya aina hii hunywa maji ya ziwa ili ijipoze. Chini, juu kidogo ya giaboksi, kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa ambacho mafundi hukiita impela. Kazi yake ni kuyasukuma maji yapande juu yazunguke silinda. Sehemu ya maji hayo hutoka nje kwa mchirizi mwembamba, kama mtoto anayekojoa. Mchirizi ukiwa na nguvu, injini inapoa. Ukidhoofika, inapikika. Mchanga wa ufuo hula mabawa hayo ya mpira, na katika Ghuba ya Winam kuna gugumaji, ambalo limewasumbua watu wa huko tangu miaka ya 1990 na ambalo huziba vitundu vya kuingizia maji. Basi ile injini ya mwalimu ilikuwa imetiwa pistoni mpya ndani ya joto lile lile la zamani. Bei ya kile kipande cha mpira ilikuwa ndogo kabisa ukilinganisha na pesa alizokuwa amekopa. Lau angenunua injini mpya, ndugu yake angeiendesha vivyo hivyo bila kuutazama mchirizi, nayo ingefuata njia ile ile, tena kwa deni kubwa zaidi.

Muuaji wa pili ni oili. Injini nyingi zinazotumiwa na wavuvi wetu ni za mipigo miwili. Tofauti na gari, nyingi ya hizi hazina chumba cha kuwekea oili peke yake. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, na ule mchanganyiko ndio unaolainisha pistoni na beringi unapopita. Kipimo cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, japo kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa mtungi wa lita 20 hiyo ni mililita 400, karibu chupa ndogo ya soda na kidogo juu. Sasa fikiria saa kumi za usiku, giza, tochi mdomoni, watu wana haraka ya kuondoka, na oili imebaki kidogo. Kipimo kinakuwa cha macho. Au inatiwa oili ya gari iliyokwisha kutumika kwa sababu ni ya bure. Injini haitalalamika siku hiyo. Italalamika baada ya wiki kadhaa, katikati ya maji.

Kwa upande wa Pwani kuna adui wa tatu, chumvi. Injini iliyotoka baharini inatakiwa isafishwe kwa maji baridi kila inaporudi, la sivyo chumvi hujijenga ndani ya vile vinjia vya maji mpaka vikaziba, na alumini huanza kulika. Hili lina uzito katika uamuzi wetu. Injini ya Ziwa Victoria ya miaka kumi inaweza kufunguka vizuri, boliti zikatoka moja moja. Ya Lamu ya umri huo huo, ambayo haikuoshwa, boliti hukatika ndani ya bloku na fundi akabaki anatoboa. Ukisikia kwamba boliti za kichwa zimeanza kukatika, anza kufikiria injini mpya, hata kama pistoni zenyewe ni nzuri.

Muuaji akishajulikana, uliza ameua nini, kwa maana vifo vya injini havina uzito mmoja. Ikiwa ni gasketi au ringi, karabati bila kujiuliza mara mbili. Ikiwa silinda imekwaruzwa, si mwisho wa dunia pia: bloku hupelekwa kwenye mashine ikachongwa ndani, kisha ikatiwa pistoni iliyo nene kidogo kuliko ya kwanza, kwa kawaida kwa robo milimita au nusu milimita. Mwulize fundi kama imewahi kuchongwa kabla. Kila kuchonga huondoa nyama ya chuma, na kuna mahali nyama hiyo huisha.

Krenkishafti ni jambo jingine. Katika injini ndogo za mipigo miwili, krenki imeundwa kwa vipande vilivyobanwa pamoja kwa nguvu nyingi, na beringi zimefungiwa humo. Haifunguliwi kwa nyundo chini ya mwembe. Inahitaji mashine ya kubana na mtu anayeweza kuinyoosha kwa kipimo cha sehemu ndogo za milimita. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe wagumu. Ukiambiwa krenki imekufa na fundi anataka kuigongagonga palepale ufuoni, usitume hata senti. Ama inunuliwe krenki kamili iliyoundwa kiwandani, ama tuzungumzie injini nyingine. Na ikiwa mkono wa pistoni ulivunjika ukatoboa ubavu wa bloku, hakuna la kuzungumza. Kuna watakaokwambia kwamba tundu linaweza kuchomelewa. Linaweza, na hata sufuria huchomelewa, lakini sufuria haimpeleki mtu katikati ya ziwa usiku.

Haya, tuje kwenye hesabu. Kuna kanuni inayotajwa na wengi kwamba ukarabati ukizidi nusu ya bei ya kitu kipya, achana na kile cha zamani. Kanuni hiyo si mbaya, lakini imekatwa fupi mno. Haiulizi ukarabati utadumu muda gani. Wanafunzi wetu wanaosoma ukurasa huu washike kalamu. Tuseme injini mpya ni shilingi 100 na ukarabati ni shilingi 40. Kwa kanuni ya nusu, ukarabati umeshinda. Lakini tuseme tena kwamba injini mpya itafanya kazi miaka mitano na iliyokarabatiwa itafanya mwaka mmoja. Ile mpya imegharimu shilingi 20 kwa mwaka, na ile ya zamani 40. Sasa badilisha: iliyokarabatiwa vizuri, impela mpya, beringi mpya, idumu miaka mitatu. Ni shilingi 13 na senti kidogo kwa mwaka, na mpya inashindwa. Kwa hiyo usimwulize fundi bei peke yake. Mwulize hii itakaa muda gani, na asikilizwe vizuri anapoanza kusitasita.

Ongeza na siku za kukaa bure. Boti isiyokuwa na injini haikai peke yake. Mabaharia wake huhamia boti nyingine, na wale wazuri hawarudi kwa urahisi. Nyavu hukaa, deni la petroli hubaki. Ukarabati wa bei nafuu unaosubiri pistoni kwa majuma sita unaweza kukugharimu kuliko mkopo wa injini mpya. Hii ndiyo sababu aina ya injini ina maana kubwa. Ziwani utaona Yamaha za mipigo miwili kila upande, na kwa hiyo vipuri vyake viko karibu na fundi anazijua akiwa amefumba macho. Lakini ikiwa yenu ni ya aina ya nadra, pengine mliachiwa na mradi fulani uliokwisha, jueni kwamba hata majina makubwa hupotea. Ole Evinrude alianza kuuza injini zake huko Marekani mwaka 1909, na jina lake likawa kama jina la injini ya boti yenyewe. Kampuni iliyokuwa ikilimiliki jina hilo ilitangaza mwaka 2020 kwamba imeacha kuziunda. Ndugu yake Johnson alikuwa ametoweka tangu 2007. Chuma chenu kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kikafa kwa kukosa pete moja ya mpira.

Watu wengine huuliza, kwa kuwa tunanunua mpya, mbona tusinunue ya mipigo minne kama za Ulaya? Huko, sheria za moshi zimeziondoa sokoni zile za mipigo miwili za mtindo wa zamani, ingawa bado zinaundwa kwa ajili ya masoko kama yetu. Ya mipigo minne hunywa petroli kidogo zaidi na haihitaji kuchanganyiwa oili, kwa hiyo yule muuaji wa mtungi anakosa kazi. Lakini ni nzito, bei yake iko juu, na inataka fundi aliyeizoea. Kwa boti inayofanya safari ndefu kila siku, petroli inayookolewa inaweza kulipia tofauti. Kwa boti inayotoka mara tatu kwa wiki, sina hakika kwamba inalipa, na ningebaki na ile ambayo kijana yeyote wa ufuoni anaweza kuifungua.

Na ya mtumba? Ndiyo njia ya tatu, na huwavutia wengi kwa sababu iko katikati ya bei. Tahadhari iko moja kubwa. Wizi wa injini ziwani ni jambo la kweli, wavuvi wamenyang'anywa injini zao usiku kwa mtutu wa bunduki wakaachwa wakielea. Injini hizo huuzwa kwa mtu. Kila injini ina namba yake kwenye kibati kilichopigwa kwenye bano la kuifungia botini. Ikiwa kibati kimeng'olewa au namba zimekwaruzwa, usiiguse, hata ikiwa ni rahisi vipi. Ikiwa namba ipo, ndugu yako aipeleke kwa kamati ya ufuo, ile inayosimamia wavuvi, waangalie kama kuna aliyelalamika. Aandikishiane na muuzaji mbele ya watu, na picha ya namba hiyo ibaki kwenye simu yako.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba ni pesa tu. Si pesa tu. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na Ziwa Victoria, ambalo ukubwa wake ni kiasi cha kilomita 68,800 za mraba, hubadilika kwa dakika chache. Injini inapozima mbali na ufuo upepo ndio unaoamua. Mtuma pesa aliyeko Embulbul analala kitandani usiku huo. Ndiyo sababu nasema kwamba ukarabati wenye shaka ni heri usifanywe kabisa, na kwamba boti inayobeba abiria kwenda visiwani isipimwe kwa hesabu ile ile ya boti ya kuvulia karibu na ufuo. Ikiwa krenki ya boti ya abiria imekwenda, mimi ningekopa ninunue mpya. Vyovyote mtakavyoamua, makasia yawemo na koti la kuokolea la kila mtu liwemo. Ukituma pesa za pistoni na za koti zisitoshe, safari isubiri.

Liko jambo la aibu kidogo kulitaja, nalo ni uaminifu. Ndugu aliyeko nyumbani anaweza kuona kwamba maswali yako ni ya kumshuku. Mweleze mapema kwamba si hivyo. Hata fundi wa gari hapa Ngong Road tunamwomba atuonyeshe kile alichokitoa. Tuma pesa kwa mafungu: ya kufungua na kupima kwanza, kisha usubiri picha, halafu ya vipuri, na hii iende moja kwa moja kwa namba ya malipo ya duka na risiti itumwe kwako. Pistoni zilizotolewa ziwekwe kwenye mfuko zisitupwe. Ukienda nyumbani sikukuu uzishike mkononi. Pistoni iliyoungua inaeleza mengi, na fundi mwingine akiitazama atakwambia kama ni maji au ni oili. Mwalimu jirani yangu ameziweka zake mbili juu ya kabati la vyombo, na watoto wake wanajua kisa cha kila mkwaruzo.

Yeye aliamua kukarabati mara ya pili. Bloku ilichongwa, pistoni zikaongezwa nusu milimita, impela ikabadilishwa pamoja na nyumba yake, vinjia vya maji vikazibuliwa. Siku za kwanza ziliandikwa kwenye karatasi na kufungwa ndani ya kifuniko: saa 10 za mwanzo bila kuvuta mafuta mpaka mwisho, na mchanganyiko wa oili mara mbili ya kawaida, yaani mililita 800 kwa lita 20. Mabaharia walinung'unika kwamba boti inatambaa na wenzao wanawapita, naye kwa simu akawaambia watambae. Kikombe cha kupimia oili kilifungwa kwa kamba kwenye mtungi ili kisipotee.

Ikiwa ninyi mtaamua kununua mpya, msiuze ile ya zamani kwa mnunuzi wa vyuma kwa kilo. Giaboksi yake huenda bado ni nzima, kabureta pia, na koili, na kamba ya kuwashia, na tangi na mpira wake. Ikiwa injini mpya ni ya aina ile ile, hivyo vyote ni vipuri vyenu vya bure. Vipakwe grisi, vifungwe kwenye gunia, vitundikwe juu mahali pasipo na unyevu. Propela, ikiwa haijapinda, isiwekwe na vingine. Hiyo iingie ndani ya boti, pamoja na spana yake.